Mnasihi wa Watu Wazima: Atoke Wapi na Afunzwe Nini?

Linapozungumzwa suala la afya ya wananchi, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye malaria, kipindupindu, uzazi salama na upungufu wa dawa. Hayo ni mambo ya haki kufikiriwa, na juhudi zinazofanywa kwa ajili yake hazina budi kuendelezwa. Hata hivyo, yako maradhi yasiyoonekana kwa darubini wala kupimwa kwa mizani: huzuni isiyokwisha, hofu isiyo na jina, na usiku usio na usingizi kwa mtu ambaye mchana anaonekana sokoni akiuza na kununua kama wenzake. Maradhi hayo hupunguza nguvu kazi ya taifa, huvunja nyumba, na mara nyingine huondoa roho za watu.

Leo wako wanafunzi, wanaume kwa wanawake, wanaojifunza kazi ya kuwasikiliza watu wenye maradhi hayo na kuwasaidia kwa mazungumzo. Kazi hiyo huitwa unasihi, na anayeifanya huitwa mnasihi. Swali tunalolileta mbele ya wasomaji ni hili: mwanafunzi wa kazi hiyo atoke katika malezi gani, na amkabili vipi mtu mzima aliyekuja kwake na mzigo wake? Ni maoni yetu kwamba swali hili si la wataalamu peke yao. Ni la Serikali, ni la masheha, na ni la kila mwananchi ambaye siku moja yeye au jamaa yake atahitaji kusikilizwa.

Sisi watu wa visiwani tunayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Kabla jeraha hilo halijapona, tarehe 18 Julai, 2012, boti ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Maiti zilizopatikana zilizikwa kwa heshima, hitima zikasomwa, na nchi nzima ikaomboleza. Lakini matanga yalipoanuliwa, kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake, akabaki peke yake yule aliyeelea baharini usiku kucha akisikia sauti za watu zikizimika moja baada ya moja. Mtu huyo, akiwa Mpemba, hana budi kupanda meli tena. Bahari kwake ndiyo barabara ya kwenda hospitali, ya kwenda kazini na ya kwenda kuzika. Ni nani aliyeketi naye mwezi wa sita, au mwaka wa pili, akamsikiliza?

Hapa yafaa kwanza tuondoe tatizo linalotokana na lugha yenyewe. Neno nasaha tumelipata katika Kiarabu, na maana yake ni mashauri mema. Hapa Zanzibar wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mwaka 1986, na katika miaka iliyofuata maneno “ushauri nasaha” yakaenea katika vituo vya afya na redioni. Huduma hiyo ilikuwa na manufaa makubwa, na waliojitolea kuianzisha wakati ule wa hofu wanastahili shukrani zetu. Lakini neno hilo liliacha dhana moja vichwani mwa watu, nayo ni kwamba mnasihi ni mtu anayejua, na aliyekuja kwake ni mtu asiyejua. Kwamba mmoja atasema na mwingine ataitikia.

Kama kazi ingekuwa ni hiyo tu, basi tusingehitaji kumsomesha mtu yeyote. Washauri tunao tangu zamani. Yuko somo na kungwi wanaomfunda mwari. Yuko sheikh anayekumbusha dini. Yuko kadhi anayesuluhisha mume na mke. Na yuko sheha anayepatanisha majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Hao wote ni nguzo za jamii yetu, na anayewadharau ameidharau jamii yenyewe. Lakini kila mmoja wao anayo nafasi yake katika shauri linaloletwa mbele yake. Somo anafungamana na familia. Kadhi hana budi kutoa hukumu. Sheha ni mkono wa Serikali. Mtu anayetaka kusema jambo ambalo halina hukumu, ambalo hata yeye mwenyewe hajalifahamu, humtafuta msikilizaji asiye na upande. Hiyo ndiyo nafasi ya mnasihi. Hahukumu, hapatanishi, na wala haamrishi. Kazi yake ni kumsaidia mtu aione hali yake waziwazi, kisha mwenyewe aamue.

Msingi huu uliwekwa bayana na Carl Rogers wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1987. Yafaa kuyatazama malezi yake, kwani yanajibu sehemu ya swali letu. Rogers alianza chuo kikuu akisomea kilimo, akahamia masomo ya dini, kisha akaingia katika saikolojia. Na baada ya hapo alifanya kazi miaka kumi na miwili katika mji wa Rochester akiwahudumia watoto wenye matatizo pamoja na wazazi wao. Katika kazi hiyo, wala si katika vitabu, alitambua kwamba mwenye shida ndiye ajuaye mahali panapomuuma. Mwaka 1957 aliandika kwamba mtu hubadilika akikutana na msikilizaji mwenye sifa fulani, na tatu kati ya hizo zimekuwa mashuhuri: awe mkweli wa nafsi yake na asivae sura ya bandia, amheshimu mwenziwe bila ya masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya yule anayesema. Sifa hizo husomeka kwa dakika moja, lakini kuzitekeleza mbele ya mtu anayelia, au anayetukana, au aliyefanya jambo ambalo wewe mwenyewe unalichukia, ni kazi ya miaka.

Ndiyo maana nchi zilizotangulia katika jambo hili hazimwachii mwanafunzi afanye atakavyo. Nchini Uingereza, kwa mfano, kozi zinazotambuliwa na chama kikuu cha wanasihi humtaka mwanafunzi atimize saa zisizopungua 100 za kukaa na wenye shida huku akiwa chini ya msimamizi. Wengi wa wanafunzi hao si vijana waliotoka skuli juzi. Ni watu wa makamo waliokwisha kuwa walimu, wauguzi, maofisa au wazazi, na sasa wanaingia katika kazi ya pili ya maisha yao. Na mara nyingi mwanafunzi hutakiwa yeye mwenyewe akae kwanza katika kiti cha mwenye shida na kusikilizwa, ili ajue ladha ya dawa kabla hajampa mwenziwe.

Utaratibu wa usimamizi usituonekane mgeni. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tunaufahamu vyema. Mwanafunzi wa Kurani hasongi mbele kwa kuwa amesema anajua. Hukaa mbele ya mwalimu, akasikilizwa, akasahihishwa herufi kwa herufi, na asipoimudu sura hairuki. Hata aliyehitimu huendelea kudurusu na wenzake, kwa kuwa ulimi uliosahihishwa leo waweza kuteleza kesho. Mwanafunzi wa unasihi naye hupeleka kazi yake kwa msimamizi kila mara: nilisema nini, nilinyamaza wapi, kwa nini nilikasirika, kwa nini nilimhurumia huyu kuliko yule. Asiye na msimamizi ni sawa na asiye na mwalimu, na madhara yake humfika mtu ambaye tayari ameumizwa.

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kudhani kwamba tukichukua utaratibu wa Ulaya ulivyo na kuushusha bandarini kwetu, kazi itakuwa imekwisha. Yupo mtu mashuhuri aliyejaribu, na mafunzo yake yanatuhusu sana. Frantz Fanon, ambaye wengi wetu tunamjua kwa maandishi yake juu ya ukombozi wa Afrika, alikuwa daktari wa maradhi ya akili. Alizaliwa mwaka 1925 katika kisiwa cha Martinique, akasomea udaktari katika mji wa Lyon, kisha akafanya mafunzo katika hospitali ya Saint-Alban chini ya François Tosquelles. Huko alijifunza kwamba wodi ya wagonjwa yaweza kuwa jamii ndogo yenye mikutano, sherehe, gazeti na kazi za mikono, na kwamba maisha hayo ya pamoja ni sehemu ya tiba.

Mwezi Novemba, 1953, Fanon alipelekwa katika hospitali ya Blida nchini Algeria, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Ufaransa. Alikabidhiwa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220. Yeye pamoja na Jacques Azoulay, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, walianza kutumia yale yaliyofanikiwa Ufaransa. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yalikwenda vizuri. Kwa wanaume Waislamu yalishindikana kabisa. Mikutano ilikuwa kimya. Gazeti halikuwa na maana kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Kusuka vikapu waliona ni kazi ya wanawake. Juu ya yote hayo, daktari hakujua lugha yao, akawa anasema nao kwa mkalimani, na kwa mtu aliyetawaliwa mkalimani alimkumbusha mahakama na ofisi za mkoloni.

Madaktari hao wawili hawakuwalaumu wagonjwa. Walijiuliza wenyewe ni kitu gani hawakukijua kuhusu watu hao: namna wanavyoishi na jamaa zao, wanavyoketi pamoja, wanavyosherehekea na wanavyofanya kazi. Kisha wakabadili mwenendo. Wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali ambapo wanaume waliweza kukaa na kunywa kahawa, wakasherehekea sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi, na wakawapa kazi ya bustani wale waliozoea jembe. Wodi ikaanza kupata uhai. Mwaka 1954 Fanon na Azoulay waliandika makala wakieleza waziwazi sababu za kushindwa kwao mwanzoni, na Azoulay akaifanya kazi hiyo kuwa tasnifu yake ya udaktari. Fanon mwenyewe alijiuzulu mwaka 1956, kwa kuwa aliona haiwezekani kumtibu mtu akili huku utawala ukimnyima utu wake.

Mafunzo yanayopatikana hapo ni mawili. La kwanza ni kwamba elimu ya mnasihi, hata iwe kubwa kiasi gani, haina faida kama hajui watu anaowahudumia. Mzee wa Tumbatu au wa Micheweni hatamwambia mtu kwamba ana sonona. Atasema kwamba moyo unamwenda mbio, kwamba kichwa kinawaka moto, kwamba mwili hauna nguvu, au kwamba ana mawazo. Mwanafunzi aliyezijifunza dalili katika orodha za kigeni, asizoweza kuzitaja kwa Kiswahili cha shamba, atamsikia mzee huyo bila ya kumwelewa. La pili ni kwamba mahali pa mazungumzo ni sehemu ya mazungumzo. Huenda mwanamume wa kwetu asiseme neno akiwa mbele ya meza ya ofisi, na akasema mengi akiwa kwenye baraza na kikombe cha kahawa mkononi.

Ndugu zetu wa Zimbabwe wamelithibitisha jambo hili kwa vitendo. Mwaka 2006 daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na akina bibi kumi na wanne. Hawakuwa na shahada. Walikuwa ni wanawake wa umri mkubwa, wanaoheshimiwa mtaani, waliofunzwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kulichambua tatizo lake moja baada ya jingine. Waliketi na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, na ugonjwa wenyewe waliuita kwa jina la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika zahanati 24 na kuwahusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa watu wapatao 14 katika kila 100 walioketi na akina bibi hao, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa wapatao 50 katika kila 100. Mpango huo umevuka mipaka ya Zimbabwe, na hata hapa Zanzibar umekwisha kufika.

Tusilichukue jambo hili kwa upande mmoja. Akina bibi wale hawakuachwa na busara zao tu. Walifunzwa, wakasimamiwa, na wakajua ni mgonjwa yupi wampeleke mbele. Umri na heshima viliwafungulia mlango, na mafunzo yakawaonyesha la kufanya wakishaingia. Hivyo basi, tunapochagua nani asomeshwe unasihi, cheti cha mtihani kisiwe kipimo pekee. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi na tano wodi ya wazazi, mwalimu mstaafu, mama aliyelea mayatima, au kijana aliyeachana na dawa za kulevya akasimama imara katika nyumba ya upataji nafuu, hao wote wanayo mtaji ambao chuo hakiwezi kuutoa. Lakini aliyepona ajue pia kwamba njia yake haikuwa njia ya kila mtu, na hilo ndilo msimamizi wake atamkumbusha.

Na kijana je, asipewe nafasi? Apewe, lakini afundishwe namna ya kumkabili mtu mzima. Mwenye miaka ishirini na mitano akimpokea mwenye miaka hamsini na mitano, aanze kwa shikamoo, na asidhani kwamba kiti chake kimemfanya kuwa mkubwa. Mtu mzima si mwanafunzi wa skuli. Amekwisha kuoa au kuolewa, amezika, amedai na kudaiwa, na amefanya maamuzi mengi kabla ya siku ile. Huulizwa, hahojiwi. Hupewa muda wa kunyamaza. Haambiwi “usilie” wala “mbona wenzako wamevumilia”. Kijana anayeweza kusema kwa unyenyekevu, “Mzee wangu, sijapitia uliyoyapitia, lakini nipo hapa kukusikiliza,” amekwisha kuvuka nusu ya safari.

Liko pia suala la faragha baina ya mwanamume na mwanamke, ambalo mila na dini yetu hazilichukulii kwa wepesi. Tusilifumbie macho na kisha tukashangaa kwa nini wanawake hawaji. Wanasihi wanawake wasomeshwe kwa idadi ya kutosha, na vyumba vipangwe ili wanaozungumza waonekane bila ya kusikika. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu wa kuyafikiria mapema.

Lakini katika visiwa vyetu jambo zito kuliko yote ni siri. Katika mji mkubwa mnasihi na mwenye shida huachana mlangoni wasionane tena. Kwetu watakutana kesho msikitini, kesho kutwa harusini, na huenda wakagundua kwamba wana shangazi mmoja. Siri ikivuja mara moja katika shehia, hatakuja mtu wa pili. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kwamba hata kumsalimu mtu kwa namna ya pekee hadharani kwaweza kumfichua. Afundishwe kumkabidhi kwa mwenziwe mtu ambaye ni jamaa yake. Na tangu siku ya kwanza amweleze mwenye shida kwamba siri ina mpaka: maisha yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa, mnasihi hatanyamaza.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Kizungu, na kwamba muumini inamtosha sala yake. Tunawajibu kwa heshima kwamba sala haikumzuia mtu kwenda hospitali akivunjika mguu. Tena elimu hii si mali ya watu wa Magharibi peke yao. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyokuwa na sababu ya wazi, na akashauri kwamba kama vile mwenye afya anavyojiwekea akiba ya dawa, ajiwekee pia akiba ya fikra njema za kuzikimbilia siku ya dhiki. Aliyoyasema yeye miaka zaidi ya elfu moja iliyopita hatuna haki ya kuyaita mageni.

Wengine watasema kwamba mazungumzo hayaponyeshi kila kitu, na hapo wanasema kweli. Mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, au aliyepoteza kabisa uhusiano na hali halisi, anahitaji daktari na dawa. Mwanafunzi wa unasihi asiyejua mpaka wa kazi yake ni hatari. Lakini tukumbuke upande wa pili pia: watu wengi wakisikia tiba ya nafsi, mawazo yao hukimbilia Kidongo Chekundu, wakaona aibu, wakajificha mpaka ugonjwa mdogo ukawa mkubwa. Mnasihi aliye karibu na nyumbani angeweza kumpokea mtu huyo mapema, na hospitali ikabaki na nafasi kwa wanaoihitaji zaidi.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali ifanye yafuatayo. Kwanza, uchaguzi wa wanaosomeshwa unasihi uzingatie tabia, umri na uzoefu wa maisha pamoja na elimu. Pili, mwanafunzi yeyote asikabidhiwe watu bila ya kuwa na msimamizi anayejulikana, na muda wa msimamizi huyo uhesabiwe kuwa kazi inayolipwa. Tatu, kila kituo kikubwa cha afya, Unguja na Pemba, kitengewe chumba cha mazungumzo, hata kiwe kidogo. Nne, kuwe na daftari la wanasihi lililo wazi kwa wananchi, na atakayevunja siri afutwe humo. Tano, mafunzo yafanywe kwa Kiswahili, pamoja na lahaja za watu wetu, kwa sababu hakuna mtu anayelia kwa lugha ya kuazima. Na sita, inapotokea ajali ya baharini au maafa mengine, wanasihi wawemo katika mpango wa uokozi, na waendelee kuwatembelea waathirika hata baada ya matanga kuanuliwa.

Masheha nao wana sehemu yao. Wao ndio wanaojua ni nyumba gani imefunga madirisha, na ni mvuvi gani hajashusha ngalawa tangu mwenziwe alipozama. Wawaelekeze watu kwa wanasihi, lakini wasiulize baadaye ni nini kilichosemwa. Na sisi wananchi tuache kumcheka mtu aliyekwenda kusikilizwa, kwani hakuna anayejua zamu yake.

Nchi hujengwa na watu, na mtu hajengi akiwa amebomoka ndani. Tumezoea kuhesabu barabara, skuli na visima; na hesabu hiyo ni halali. Tuongeze humo hesabu ya masikio yaliyofunzwa kusikiliza, na tuanze kwa kuwachagua vyema na kuwasimamia wale ambao leo bado ni wanafunzi.